Karatasi Namba Saba

Faudhia Mwinjuma alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliirudia mara nyingi mpaka mafundi wakawa wanaitamka kabla yake: karatasi moja, mahali pamoja. Alichomaanisha ni kwamba kila mashine iwe na maelekezo ya aina moja tu, yale yanayofaa leo, yabandikwe ukutani pale mashine ilipo, na nakala yake ikae kwenye faili. Yaliyopitwa na wakati yaondolewe siku hiyo hiyo. Mafundi walimpachika jina la Mama Karatasi, naye hakuwanunia.

Alikuwa karani wa karakana katika shamba moja la mkonge upande wa Mazinde, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Kwao ni Handeni. Alikuja Korogwe na cheti cha kidato cha nne, akafikia kwa shangazi yake Masuguru, akapata kibarua cha kuandika mizigo ya majani inayoshushwa kutoka kwenye trela. Jua lilimchoma na maji ya mkonge yakamwasha mikono mwaka mzima. Aliyemtoa pale ni Mzee Isihaka, fundi mkuu, ambaye siku moja alichungulia daftari lake, akafunua kurasa tatu nne bila kusema kitu, kisha akamwambia anawe mikono aende ofisini.

Mzee huyo alikuwa na hasira za kazi. Kuna mwaka fundi wa visu, Petro, aliacha kazi ghafla akaenda zake Tanga, na mashine ikakaa siku nne bila kuzunguka kwa sababu vipimo vya kufunga visu vilikuwa kichwani mwa Petro peke yake, na Petro hapokei simu. Majani yaliyokwisha kukatwa yakaozea kwenye trela. Mzee Isihaka alisema fundi anayeondoka na ujuzi wote kichwani ni sawa na aliyeondoka na spana za shamba. Tangu hapo kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye benchi la karakana akaandika anachokijua: namna ya kuwasha, namna ya kuzima, namna ya kuzibua, grisi gani inakwenda wapi. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyepita chuo cha Kurani kwa mwalimu mkali, umenyooka, hauna herufi inayolala. Na juu ya kila karatasi, hata ile ya orodha ya bolti, alianza kwa kuandika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Kisha alikwenda nazo stesheneri ya Korogwe mjini zitiwe plastiki ngumu, maana maji ya mkonge yanakula karatasi kama yanavyokula ngozi.

Kuandika lilikuwa jukumu la mzee. Kuyatunza maandishi yasizeeke lilikuwa la Faudhia, na watu wengi hawajui kuwa hiyo ya pili ndiyo kazi ngumu. Mtu huandika mara moja akapigiwa makofi. Anayetunza anafanya kila wiki na hakuna anayemwona. Kila Jumatatu Faudhia alizunguka karakana na kiwandani na kalamu yake, akimsimamia kila fundi na swali lile lile: na hapa, bado ni hivyo? Mkanda umebadilishwa, aandike. Boksi la gia limehamishwa, aandike. Kila karatasi ilikuwa na namba, tarehe, jambo lililobadilika, na sahihi za walioambiwa. Fabiani, msimamizi wa zamu ya asubuhi, mjukuu wa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Songea, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri ya kazi, alikuwa akimwona anakuja anajifungia chooni. Faudhia alimngoja mlangoni mpaka atoke.

Mzee Isihaka alifariki mwaka jana mwanzoni, kwa presha, akiwa bado kazini. Miezi minne baadaye shamba likaleta mota mpya za korona.

Korona ni mashine inayokamua majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Jina hilo watu wa mashambani walikuwa nalo tangu enzi za babu zao, kabla ya ule ugonjwa kulichafua. Ndani yake mna ngoma kubwa ya chuma yenye visu butu, inazunguka kwa kasi, na majani yanaingia kwa mkanda. Majani yakiingia mengi kwa pamoja, ngoma inakabwa na kusimama, na mtu anatakiwa kufungua kifuniko kuyatoa kwa mkono. Zamani palikuwa na swichi moja nyekundu ukutani, ukiizima kila kitu kinakufa. Mafundi umeme waliokuja na mota mpya walifunga kabati jipya la umeme pembeni. Kuanzia siku hiyo ngoma ilizimwa kwenye kabati, kabati likafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni kwa anayezibua. Swichi nyekundu hawakuing'oa. Waliiacha pale ukutani, nyekundu vile vile, ila sasa ilizima mkanda tu.

Faudhia aliona hatari yake siku ile ile. Aliwauliza mafundi umeme mara tatu, mpaka mmoja akamuuliza kama yeye ni mkaguzi. Ngoma iliyokabwa inaonekana imezimwa. Imenyamaza, haitikisiki, lakini umeme umo, na yakitolewa majani yanayoikaba itaanza kuzunguka. Aliandika upya karatasi namba saba, ya kuzibua korona, akaipiga kwenye kompyuta kwa herufi kubwa, akakusanya sahihi ya kila mtu wa zamu zote. Aliendelea na nyingine zilizobaki. Baada ya mwezi mmoja na nusu karatasi zote arobaini na moja zilikuwa mpya, na za Mzee Isihaka zilikuwa zimebanduliwa.

Hapo ndipo kanuni yake ilipomshinda.

Kwenye ofisi nyingi karatasi za zamani huishia kwa mama muuza maandazi, watu wanafungiwa maandazi kwa barua za mwaka juzi. Hizi zilikuwa na jina la Mungu juu. Huwezi kuzitupa jalalani wala kumpa mtu afungie maandazi. Faudhia alikwenda kwa ustadhi Ramadhan, mwalimu wa madrasa pale Masuguru, akamuuliza. Ustadhi alimjibu kwamba azichome mahali safi, na majivu ayafukie pasipokanyagwa na watu. Jambo la nusu saa. Faudhia alizitia zote kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaiweka juu ya kabati la ofisini, akasema Jumamosi atazichoma.

Jumamosi ile alizishusha, akatoa moja, akautazama mwandiko, akazirudisha. Jumamosi iliyofuata hakuzishusha kabisa. Miezi minane ikapita. Yule yule aliyewasumbua mafundi wazima kuhusu karatasi iliyopitwa na wakati alikuwa nazo arobaini na moja juu ya kichwa chake, kwenye bahasha isiyoandikwa kitu, kwa sababu zilikuwa na mkono wa mtu aliyemtoa juani. Ukitaka kumhukumu, mhukumu. Yeye mwenyewe amekwisha kukutangulia.

Mjomba wake alifariki Handeni mwezi wa tano, naye akaomba ruhusa ya siku tano.

Siku ya pili ya ruhusa, karatasi namba saba iliyobandikwa kiwandani ililowa ikachanika. Ilikuwa ya kawaida tu. Shamba lilikuwa limekataa kugharimia plastiki. Fabiani, ambaye miaka yote alikimbia karatasi, siku hiyo alitaka kufanya jema. Alisema Mama Karatasi akirudi akakuta ukuta mtupu atawasumbua mwezi mzima. Aliingia ofisini, akapekua meza, akakosa, akakuta kabati la faili limefungwa, akainua mkono juu yake. Akaikuta bahasha. Akaikuta namba saba, ngumu, safi, imetiwa plastiki, kwa mwandiko ambao kila mtu pale kiwandani aliuamini kuliko kompyuta yoyote. Hakuisoma. Angesoma nini, na kazi anaijua usingizini? Aliibandika kwa misumari minne, akairudisha bahasha mahali pake.

Watu wa zamani wa korona hawakuwa wanasoma karatasi za ukutani. Mikono yao ilishajua kabati jipya na kufuli. Aliyekuwa anasoma ni mmoja, Yusuph, kijana wa kambini aliyetolewa kwenye kukata mkonge akaletwa kiwandani miezi mitatu nyuma na kuisaini namba saba mpya. Alikuwa mwangalifu kupita wenzake. Kabla ya kugusa kitu alikwenda ukutani, akafuata mstari kwa kidole, ndipo akarudi kwenye mashine. Wenzake walimcheka kwa hilo. Alhamisi asubuhi korona ilikabwa, Yusuph akaenda ukutani akasoma, akafanya kama ilivyoandikwa. Ngoma ilipoachiliwa iliuchukua mkono wake wa kulia mpaka juu ya kiwiko.

Kati ya watu wa zamu ile yote, aliyeumia ni yule aliyesoma.

Faudhia alirudi Jumatatu. Korona ilikuwa imeoshwa na inafanya kazi, na ukutani hapakuwa na karatasi yoyote. Fabiani alimfuata ofisini, akafunga mlango, akaitoa namba saba ndani ya shati. Aliing'oa ukutani dakika ile ile Yusuph alipokuwa anapakiwa kwenye gari, na tangu hapo alikuwa anatembea nayo kifuani. Alimweleza yote, toka kulowa kwa ile mpya. Faudhia alimuuliza kama hata hakuona tofauti.

"Nitaona wapi?" Fabiani alisema. "Nimeona mwandiko wa mzee, nimejua ndiyo yenyewe. Yule kijana aliniuliza. Aliniambia, kaka Fabiani, mbona hii haisemi habari ya kabati na kufuli? Nikamwambia hiyo ya Mzee Isihaka, hiyo ndiyo ya kufuata. Nilimwambia mimi, dada."

Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Faudhia alikuwa anaiangalia karatasi iliyokuwa mezani. Kosa la Fabiani lilikuwa la siku moja. Lake lilikuwa la miezi minane.

Meneja Abdulaziz, akiwa ameshasikia habari yote, aliwaita wote wawili mchana. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliwaeleza kwamba wakaguzi wa usalama mahali pa kazi watakuja Jumatano, kwamba faili ni zuri, karatasi mpya ipo, na sahihi ya Yusuph ipo chini yake. Yusuph alielekezwa, akasaini, hakufuata. Hiyo ndiyo hali kwa mujibu wa faili, na shamba litasimama hapo. Fabiani aliuliza, na ile nyingine? Meneja akamgeukia Faudhia, akamwuliza kama si kweli kwamba zile karatasi za marehemu zina Bismillahi. Faudhia akaitikia.

"Basi Bi Faudhia, wewe ni Mwislamu na mimi ni Mwislamu," Abdulaziz alisema. "Karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu hazikai juu ya makabati zikishikwashikwa. Zichome kwa heshima, kama dini inavyotaka. Hilo lilitakiwa lifanyike zamani."

Na alikuwa anasema kweli, hapo ndipo palipomkaba Faudhia. Neno kwa neno lilikuwa jibu la ustadhi Ramadhan. Kitu ambacho mwaka jana kingekuwa wajibu, siku hiyo kilikuwa ni kumfukia Yusuph, na kwa nje vilifanana kabisa. Angeweza kukataa. Alifikiria kukataa kwa muda wote wa safari ya kurudi Masuguru, bahasha ikiwa mkobani. Alifikiria pia jinsi mkaguzi atakavyouliza bahasha ni ya nani, na kwa nini ilikuwa ofisini kwake, na miaka kumi na mmoja ya kazi yake itasomwa kwa jina gani kuanzia siku hiyo. Alipofika nyumbani alitawadha, akafagia nyuma ya nyumba, akazichoma. Plastiki ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya. Ya namba saba aliitia mwisho, na kabla ya kuitia aliisoma. Majivu aliyafukia pale ambapo hapakanyagwi. Alijisikia mwepesi, na alijichukia kwa wepesi ule.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, anaitwa Salome, mtaratibu, amevaa viatu vya kazi kweli kweli. Alishinda siku nzima. Aliliangalia faili ukurasa baada ya ukurasa, akafuata tarehe kwa kalamu, akalinganisha sahihi. Alisema amezunguka viwanda vingi mwaka huo na hajaona kumbukumbu zilizotunzwa namna hii. Faudhia alishukuru kwa sauti ndogo. Ndipo Salome akamwambia kwamba alimpitia Yusuph hospitali, na kwamba Yusuph anashikilia alizima kama karatasi ilivyosema. Amesema pia kwamba dada Faudhia aulizwe, yeye anazijua karatasi zote.

"Hii ndiyo iliyokuwa ukutani?" Salome aliuliza, kidole kikiwa juu ya namba saba mpya.

"Ndiyo."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna nyingine," Faudhia alisema. "Kanuni yetu ni karatasi moja."

Taarifa ilikuja wiki tatu baadaye, ikasomwa mbele ya wafanyakazi asubuhi kabla ya zamu kuanza. Chanzo cha ajali kilikuwa uzembe wa mfanyakazi aliyepuuza maelekezo aliyoyasaini. Shamba liliagizwa kuing'oa swichi nyekundu, na lilipongezwa kwa utunzaji wa kumbukumbu. Meneja alisoma pongezi hizo mara mbili. Watu wa korona waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wameiona ile karatasi ya plastiki ukutani siku ile, lakini karani na msimamizi wamesema haikuwepo, na nani atabishana na faili? Jioni ile Fabiani alipita mlangoni kwa Faudhia bila kuangalia ndani. Kutoka siku hiyo hawakusalimiana.

Faudhia alijaribu kufanya kazi. Jumatatu alizunguka na kalamu yake, akamfikia mtu wa kwanza, swali likamkwama. Usiku halali, chakula hakimpiti. Shangazi yake alidhani ni msiba wa mjomba. Wiki ya pili aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi la asubuhi kwenda Tanga, akaingia ofisini kwa Salome na kurasa mbili alizoziandika kwa mkono. Alikuwa ameandika yote: bahasha, miezi minane, Fabiani, meneja, moto. Hakujitetea kwa mstari hata mmoja.

Salome alizisoma mara mbili. Akamwuliza iko wapi karatasi yenyewe. Akamwuliza nani mwingine ataisema habari hii. Faudhia akamtaja Fabiani, na Salome akampigia simu pale pale, sauti ikiwa nje. Fabiani alisikiliza, akasema hajui karatasi yoyote. Salome alikata simu akalivuta faili, nakala ile ile aliyoisifia. Alimwonyesha Faudhia mwandiko wake mwenyewe: tarehe ya kubandua ya zamani, tarehe ya kubandika mpya, neno "imeondolewa," sahihi yake. Alimwonyesha na sahihi ya Yusuph.

"Dada, mimi naona huruma inakusumbua," alisema. "Mtu wa aina yako haachi karatasi ya zamani ikazagaa. Faili lako linakukatalia."

Alizirudisha zile kurasa mbili mezani upande wa Faudhia, kwa upole, kama mtu anayemrudishia mgonjwa kadi yake. Faudhia alizikunja. Ndani ya basi, toka Tanga mpaka Korogwe, hakuwaza kitu kingine isipokuwa neno lile "imeondolewa." Alikuwa ameliandika mara arobaini na moja, na kila mara alikuwa anadanganya kidogo. Hakushukia mjini. Alipitiliza mpaka Mazinde, akatembea kwenda kambini.

Yusuph alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mkono wa shati upande wa kulia umefungwa fundo. Mkewe, Fatu, alikuwa anafunga vyombo kwenye viroba, maana aliyeachishwa kwa uzembe hakai kwenye nyumba ya shamba, na walikuwa wamepewa mpaka mwisho wa wiki. Wangehamia kwao Fatu, Handeni, kulima mahindi. Mahindi yanapaliliwa kwa jembe, na jembe linataka mikono miwili. Hilo hakuna aliyelisema. Fatu alimtolea Faudhia kiti, akarudi kwenye vyombo vyake.

Faudhia alianza kumpa pole, Yusuph akamwomba aache, amezichoka. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ameshakubali.

"Mwanzoni nilikuwa nabisha, dada Faudhia. Sasa hivi hata mimi sijui. Nikifumba macho naiona ile karatasi, lakini watu wote wanasema haikuwepo, hata kaka Fabiani niliyemuuliza. Labda nilisoma vibaya. Fatu anasema mimi nina haraka, na kweli siku ile nilitaka kuwahi. Basi labda ndiyo hivyo."

Fatu hakuinua kichwa. Aliendelea kuviringisha masufuria kwenye khanga, na Faudhia akaona kwamba hata ndani ya nyumba hii hukumu ilishatoka, na wenyewe wanaishi nayo.

"Karatasi ilikuwepo," alisema. "Ilikuwa ya Mzee Isihaka. Nilitakiwa kuichoma mwaka jana, sikuichoma, ikabandikwa ukutani mimi nikiwa Handeni. Ilikuwa haifai tena na wewe usingeweza kujua. Baada ya ajali ndiyo nikaichoma. Mkaguzi aliponiuliza, nikasema haikuwepo."

Faudhia alingoja atukanwe, na alitamani atukanwe. Yusuph hakutukana.

"Unaikumbuka?" aliuliza.

"Yote."

"Isome."

Faudhia aliinamisha macho chini. Hakuwa na kitu mkononi, lakini alisoma kama ilivyoandikwa.

"Moja. Zima swichi nyekundu ya ukutani."

"Nilizima," Yusuph alisema.

"Mbili. Simama pembeni, subiri mpaka ngoma inyamaze kabisa."

"Nilisubiri. Ilikuwa kimya."

"Tatu. Fungua kifuniko, kitie komeo kisirudi."

"Nilitia komeo."

"Nne. Vuta majani taratibu, kuanzia nje."

Yusuph aliunyoosha mkono wa kushoto, akauvuta polepole kifuani.

"Taratibu," alisema. "Nilivuta taratibu, dada Faudhia. Nilianza nje."

Fatu alikuwa ameacha vyombo. Alikuja akapiga magoti mchangani kando ya mumewe, akalishika lile fundo la shati kwa mikono yote miwili, akalia. Alimwambia amsamehe. Alisema, nilikwambia una haraka, siku zote hizi nakwambia una haraka. Yusuph alimwekea mkono wa kushoto kichwani. Faudhia alitaka kuondoka, alikuwa ameshainuka kwenye kiti, lakini Yusuph akamwashiria akae.

"Bado," alimwambia. "Mara ya kwanza alikuwa anafunga vyombo, hakusikia vizuri. Sema tena, asikie. Anza moja."

Faudhia akakaa, akaanza tena namba moja.